Kofia ya Mwito

Kufikia saa nne asubuhi Mwaja Chidawali alikuwa amesimama kwa kuegemea ukuta, maana miguu ilishamkatalia. Tangu jana asubuhi hakuwa ameweka mgongo chini. Mpiga picha za mionzi mwenzake alikuwa msibani, na Hospitali ya Njia Nne haikuwa na mwingine wa tatu. Ajali nazo, kama kawaida yao, hazikuuliza nani yuko zamu.

Mbele yake alilala Mzee Senkondo, aliyegongwa na bodaboda ya umeme pale stendi. Picha ilishapigwa. Sasa kichwani alivaa kofia nyepesi ya nyuzi za fedha, na binti yake, Nakundwa, alikuwa ameinamia kipaza sauti akilia.

"Baba, ni mimi Nakundwa. Baba, amka. Baba, tafadhali."

Mara tatu, kama kanuni inavyotaka. Kioo cha mashine kilitulia kidogo, kisha kikatoa namba.

"Thelathini na moja," Mwaja alisoma.

"Ndiyo nini, dada?"

Kwa miaka mitatu tangu kofia ile iletwe, Mwaja alikuwa akitafuta jibu laini la swali hilo, na hakulipata. "Ubongo wake haujatuitikia, mwanangu. Tunampeleka chumba cha utulivu. Utakaa naye."

"Halafu?"

"Utakaa naye," Mwaja akarudia, akashika kitanda kwa upande mmoja wakaanza kukisukuma.

Zamani picha peke yake ilitosha. Mtu aliumia kichwa, akaingizwa kwenye pete ya mionzi, damu ikaonekana ilipo, akapasuliwa. Tatizo lilikuwa wapasuaji. Sasa kila hospitali ya barabara kuu ilikuwa na mikono ya chuma inayoweza kufungua fuvu bila kutetemeka, lakini aliyeiongoza mikono hiyo kutoka mbali alikuwa bingwa mmoja kwa hospitali kumi na moja. Ndipo ikaletwa kofia. Ndugu humwita mgonjwa, nayo kofia huangalia kama ile sehemu ya ubongo inayosikia na kujibu inawaka. Ikiwaka sana, namba inapanda, na nafasi ya bingwa inakwenda kwa mwenye namba kubwa. Chini ya arobaini, hakuna nafasi kabisa. Wakubwa walisema ni haki, kwa kuwa mashine haijui mtoto wa nani ni nani. Mwaja naye aliamini hivyo, mpaka siku ile.

Alipotoka chumba cha utulivu aliviona viatu vya mzee chini ya kitanda, vimepangwa vizuri na binti yake. Akageuza macho, akaenda kunywa chai ya rangi iliyopoa.

*

Saa nane mchana gari la kampuni ya umeme wa upepo likaingia uani kwa breki kali. Wakamshusha fundi mmoja, Luhende Kasubi, mwenye miaka arobaini hivi, bado ana mikanda ya kupandia minara kiunoni. Kamba ilimdaka asifike chini, ila ilimrusha akagonga kichwa kwenye mnara. Aliongea kidogo njiani, wenzake wakasema, akauliza koleo lake liko wapi, kisha akanyamaza.

Nyuma yake aliteremka mkewe, Kalunde, ana unga wa mahindi mikononi. Hakupata hata nafasi ya kunawa.

Pete ilizunguka, picha ikaja. Daktari Mwasandube, kijana mwenye macho mekundu kama ya Mwaja mwenyewe, akaisogelea. Damu ilikuwa imejikusanya upande wa kulia, kati ya fuvu na ubongo, unene wa kidole gumba, na ubongo ulishaanza kusukumwa kutoka mahali pake.

"Hii inatoka," akasema Daktari. "Ikitolewa mapema, huyu anarudi kupanda minara yake. Bingwa ana nafasi saa tisa. Orodha inafungwa saa tisa kasorobo. Mvishe kofia, Mama Chidawali."

Mwaja akamvisha, akamsogeza Kalunde kwenye kipaza sauti, akamweleza. Kalunde akafuta mikono kwenye khanga. Akaita huku analia.

"Baba Milembe. Luhende. Usituache, baba. Luhende, nakuomba..."

Ishirini na nane.

Kalunde hakuuliza namba ile ni nini. Aliwatazama usoni wote wawili, akaelewa, akakaa sakafuni palepale. Daktari akatoka nje kidogo, huku akijifanya anatafuta karatasi.

Sasa, kanuni ya kwanza ya kofia ni hii: funga kipaza sauti kabla hujamgusa mgonjwa. Mwaja aliwafundisha wengine kanuni hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini alikuwa macho kwa saa thelathini, na mkono wake ulipita juu ya swichi bila kuibonyeza. Akaingiza kiganja chini ya kisogo cha Luhende ili amvue kofia. Kichwa kilikuwa kizito ajabu. Na kwa uchovu, bila kufikiri, likamtoka neno ambalo angelimwambia Mnyamwezi yeyote anayemkuta sokoni.

"Loo! Kichwa gani hiki? Mnyamwezi wewe, babu zako walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani, leo wewe unataka kubebwa na Mgogo? Inuka, mpagazi mvivu! Aibu!"

Kioo kikalia.

Mwaja akageuka. Ramani ya ubongo wa Luhende, iliyokuwa ya kijivu kitambo kifupi tu kabla, iliwaka upande mzima. Namba ilikuwa inapanda mbele ya macho yake. Arobaini na tano. Hamsini na mbili. Ikasimama kwenye sitini na moja.

Kisha Kalunde akainuka taratibu kutoka sakafuni.

"Wewe ni Mgogo?"

"Wa Mpwapwa," Mwaja akajibu, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Mume wangu hajawahi kumwachia Mgogo neno la mwisho," Kalunde akasema. "Hata msibani kwa baba yake. Endelea, dada. Mtukane!"

*

Daktari Mwasandube aliposimuliwa, alikaa kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa karibu, kwa kuwa ndicho kilichokuwapo.

"Kanuni inasema mhudumu hamwiti mgonjwa," akasema.

"Inasema mhudumu asiye ndugu."

"Wewe ni ndugu yake? Umemwona leo tu."

"Kwenu mtani ni nani, Daktari?"

Daktari akasugua macho. "Sisi tumekulia mjini, Mama. Hayo mambo... Babu yangu alipofariki walikuja watu siwajui, wakalala njiani mbele ya jeneza. Wakasema hapiti mtu, marehemu alikuwa mwizi wa ndizi zao. Wazee wakawapa kuku ndipo tukapita."

"Mliwafukuza?"

"Hawafukuzwi. Baba alisema ni watu wa nyumbani."

"Basi," Mwaja akasema.

Kwenye kioo fomu ilisubiri: *Mwitaji ni nani kwa mgonjwa? Mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu.* Mtani hakuwemo. Aliyeitengeneza hakuwajua, au aliwaona ni mambo ya kizamani. Mwaja akabonyeza *ndugu*. Daktari alitazama kidole chake mwenyewe kwa muda, halafu naye akaweka sahihi.

"Ila mzaha mzaha hutumbua usaha," akanong'ona. "Tukiulizwa, tutajibu nini?"

"Tutasema ukweli. Ubongo umewaka au haukuwaka?"

"Umewaka."

Orodha ya saa tisa ikajipanga upya. Jina la Luhende likapanda juu kabisa, sitini na moja. Chini yake likateremka jina jingine lililokuwa limeishika nafasi ile kabla yake: mwanamke, umri thelathini na nne, hospitali iliyo kilomita mia mbili kusini mwa Njia Nne. Arobaini na sita. Pembeni pakaandikwa kwa herufi ndogo: *asubiri*.

Kalunde alikuwa anamshukuru Mungu kwa sauti. Mwaja naye alipaswa kufurahi, na kwa kitambo alifurahi kweli, mpaka macho yake yakarudi kwenye ile arobaini na sita. Nani alimwita mwanamke yule? Mumewe, bila shaka, au mama yake. Na waliita vipi? Waliita kama Kalunde alivyoita, kama Nakundwa alivyoita, kama wote walivyoita miaka yote hii mitatu: kwa kilio. Mtu anayeombolezewa ana haja gani ya kujibu? Lakini tusi la mtani haliachwi hivihivi. Hata mtoto anajua hivyo. Luhende alikuwa amepewa njia ambayo yule mwingine hakupewa, na alikuwa amepewa kwa sababu tu mpiga picha mmoja alichoka akasahau swichi.

Ilikuwa saa nane na nusu. Mwaja akanyanyua simu.

"Unampigia nani?" Daktari akauliza.

"Wenzetu wa kusini. Wamtafutie mtani wake."

"Mama Chidawali." Daktari alisimama. "Akipanda akampita huyu wetu, je?"

Kalunde alinyamaza ghafla. Akaja mpaka karibu, akamshika Mwaja mkono kwa vidole vyenye unga.

"Dada, usipige."

"Mama Milembe..."

"Usipige, nakuomba. Asiyekuwapo na lake halipo. Yule ni nani wako?"

"Si mtu wangu."

"Basi! Mume wangu yuko hapa. Mimi niko hapa. Nina watoto watatu, dada. Unanipa kwa mkono mmoja, unaninyang'anya kwa mwingine?"

Mwaja alitamani sana mtu mwingine awe zamu siku ile. Alitamani kulala. Alimwonea Kalunde huruma, na alijua kwamba akiiweka simu chini hakuna mtu duniani atakayemlaumu. Yule wa kusini, kama angekufa akisubiri, angekufa kwa namba halali, kwa kanuni halali.

"Ningekuwa mimi ndiye niko kule," akasema polepole, "na kuna mtu hapa anajua, ningetaka anipigie. Nisamehe, mdogo wangu."

Akabonyeza. Kalunde akaachia mkono wake, akageukia ukuta.

Aliyepokea kule alikuwa mpiga picha aitwaye Haule, sauti yake nayo imechoka. Mwaja hakupoteza muda. "Huyo mama mwenye arobaini na sita ni kabila gani?"

"Unauliza kabila la mgonjwa? Wewe vipi?"

"Haule, sikiliza. Ni kabila gani?"

"Mhehe. Wa Iringa. Kwani..."

"Mtafute Mngoni. Hapohapo hospitalini, sasa hivi. Mvishe mgonjwa kofia, mwambie huyo Mngoni amtanie kama wanavyotaniana msibani. Usiniulize. Huna muda."

Halafu Haule akasema, "Mlinzi wa geti ni Mngoni," na simu ikakatika.

Dakika kumi zikapita. Daktari alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Saa tisa kasoro dakika kumi na nane orodha ikatikisika. Arobaini na sita ikafutika, pakaandikwa: sitini na nne.

Jina la Luhende likashuka mstari mmoja. *Asubiri. Nafasi ijayo: saa kumi na moja.*

*

Daktari ndiye aliyemweleza Kalunde, kwa sababu Mwaja alishindwa. Ni kungoja kwa saa mbili. Dawa ya kupunguza uvimbe ilikuwa inaingia, kichwa cha mgonjwa kimeinuliwa, oksijeni ipo. Kofia ingesoma tena kila robo saa. Kama namba ingeshuka chini ya arobaini, jina lingetoka kwenye orodha lenyewe, bila kuuliza mtu.

"Na isiposhuka?" Kalunde akauliza, bado ameutazama ukuta.

"Anaingia."

Mwaja akavuta kigoda, akaketi karibu na sikio la Luhende. Mdomo ulikuwa mkavu, kope zinajifunga zenyewe. Wagogo wana maneno mengi ya kuwaambia Wanyamwezi, lakini si rahisi kuchekesha ukiwa na usingizi wa siku mbili na mke wa mtu hataki kukutazama.

"Haya, mpagazi," akaanza. "Umeona? Umepitwa na Mhehe. Mwanamke! Babu yako angekuwa hai angekuficha ndani ya kinu."

Hamsini na nane.

Akamtania kuhusu mihogo. Akamtania kuhusu asali ya Tabora, kwamba wanairina wenyewe na kuilamba wenyewe, wageni wanaletewa nta. Akadai ng'ombe wake alioibiwa na mababu wa Luhende, akawataja mmoja mmoja kwa majina aliyoyabuni palepale. Saa kumi kasorobo, hamsini na mbili. Saa kumi, arobaini na tisa. Daktari aliingia na kutoka. Mara moja Mwaja alisinzia katikati ya neno, akazinduka kwa kugonga paji la uso kwenye chuma cha kitanda.

Saa kumi na robo akakwama. Alirudia ile ya mizigo. Kioo kikaonyesha arobaini na tatu, na ramani ikaanza kufifia kwenye kingo.

"Nimeishiwa," akasema, si kwa mtu yeyote.

Nyuma yake sauti ya Kalunde ikasema, "Anaogopa chura."

Mwaja akageuka.

"Anapanda mnara wa mita tisini," Kalunde akaendelea, bila kumtazama. "Chura akiingia ndani anapanda juu ya meza. Mvua za mwaka jana alikaa juu ya meza mpaka nikarudi kutoka kisimani. Mtoto wetu wa mwisho ndiye aliyemtoa yule chura, kwa mkono."

"Ati nini?" Mwaja akamgeukia Luhende, na safari hii hakuhitaji kujilazimisha. "Mnyamwezi! Mtu mzima! Chura? Nitawaambia Wagogo wote kuanzia Mpwapwa mpaka Bahi. Tukija msibani kwako tutakuja na ndoo ya vyura!"

Hamsini.

Kalunde akasogeza kigoda cha pili. Akatoa siri za ndani, moja baada ya nyingine, na Mwaja akazigeuza kuwa matusi. Namna anavyokoroma. Namna alivyokwenda kuposa akaanguka kwenye shimo la taka la wakwe. Mahali fulani kati ya shimo la taka na wimbo anaouimba akioga, Kalunde akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, na Mwaja akacheka pia kwa sababu hakuwa na nguvu ya kujizuia. Hawakusameheana kwa maneno. Hakukuwa na nafasi.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka. Kutoka spika ya darini bingwa akasalimia, sauti ya mama mtu mzima, naye amechoka. Alisema wa kusini ametoka salama. Akauliza namba ya huyu.

"Arobaini na nne," Daktari akajibu.

"Mleteni."

Wakamsukuma Luhende. Kalunde alimfuata hadi kwenye mstari mwekundu sakafuni, akasimama hapo. Kabla mlango haujafungwa, Mwaja akainama mara ya mwisho. "Nakusubiri hapa nje, mpagazi. Bado hujanijibu."

*

Daktari alimwambia akalale. Akamwambia mara mbili. Mwaja akaitikia, akachukua mkoba wake, akashika njia ya kutokea, inayopita mbele ya chumba cha utulivu.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Viatu vya Mzee Senkondo vilikuwa palepale chini ya kitanda. Nakundwa alikaa pembeni, ameshika mkono wa baba yake kwa mikono yote miwili, anamwita kwa sauti ndogo ambayo haikuwa na matumaini tena. Kifua cha mzee kilipanda na kushuka.

Mwaja akasimama. Kanuni haikusema lolote kuhusu kumsoma tena mtu aliyeshindwa mara ya kwanza, maana hakuna aliyewahi kumtoa mtu chumba kile. Aliwakumbuka wa wiki iliyopita na wa mwezi uliopita, na viatu vyao, akaona akiendelea kuwakumbuka ataanguka. Hao hawakuwa na la kufanyiwa tena. Huyu bado alikuwa anapumua.

"Mwanangu," akasema. "Nyinyi ni watu wa wapi?"

Nakundwa akainua uso uliovimba. "Same, dada. Sisi Wapare. Kwa nini?"

Mwaja alitupa mkoba kitini, akatoka mpaka ukumbi wa wagonjwa wa nje. Watu sitini au zaidi walikaa kwenye mabenchi, wamechoka, wengine wamelala vichwa vimeangukia mabegani mwa wasiowajua.

"Nani Mchaga hapa?" akapaza sauti, na sauti ilishakauka kwa kutania saa mbili nzima. "Jamani, kuna Mchaga humu ndani?"

Watu wakatazamana. Mtu anapotafutwa kwa kabila lake huwa si heri. Mwaja akaita tena. Mwisho wa benchi la tatu mwanamume mmoja mfupi, kidole kimefungwa bandeji, akainua mkono kwa wasiwasi.

"Mimi wa Kibosho. Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, baba. Unajua kumtukana Mpare?"

Yule bwana akamtazama kama anamchunguza akili. Kisha akasimama, akapangusa suruali.

"Tangu tumboni," akasema. "Yuko wapi?"